Ukinitumia mzigo, tuma Makambako

Naandika hii nikiwa Kapiri Mposhi, nimepaki tangu jana jioni nasubiri wenzangu wawili walioko nyuma ili tushuke pamoja, na asubuhi hii mdogo wangu kanipigia kutoka Dar ananiuliza kaka huu mfuko alioniachia shemeji nikutumie wapi. Nikamwambia Makambako. Akakaa kimya kidogo, afu akasema si juzi umeniambia uko Zambia? Nikamwambia ndo hivyo, niko Zambia, we tuma Makambako.

Swali hili naulizwa kila mwezi, na ndugu, na marafiki, hata na watu wa ofisini kwetu ambao kazi yao ni kujua magari yako wapi. Kwahiyo leo nimekaa nimeona niliandike vizuri, mtu akiniuliza tena namtumia hii, na pia najua wapo wenzangu wengi wanaoanza kazi hii ya barabara ambao bado wanapoteza dawa, karatasi na pesa kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Kwa asiyenijua, mi ni dereva wa semi, huu mwaka wa 11. Natoka Dar napandisha salfa au kontena mpaka Lubumbashi, mara nyingine napitiliza Likasi na Kolwezi, afu nashuka na shaba. Safari ikiwa nzuri kwenda na kurudi ni wiki tatu, mpaka wa Zambia na Kongo pale Kasumbalesa ukikaza inafika mwezi na zaidi. Mwaka jana nilihesabu siku nilizolala kwenye kitanda changu Mbagala, zikawa 47. Zingine zote nimelala kwenye gari, kitanda kiko nyuma ya siti, nguo ziko kwenye boksi la pembeni, jiko la gesi liko kule nje kwenye toolboksi. Usiku wa sensa ya 2022, ule wa kuamkia tarehe 23 Agosti, nilikuwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma, karani akaja na kishikwambi chake akagonga mlango, akauliza umelala wapi usiku huu mzee, nikamwonyesha hapo nyuma, akaandika. Nilimshukuru sana yule kijana maana alikuja mpaka kwenye gari, hakusema hawa si wakazi.

Mwaka huohuo ndo walipita kubandika namba za nyumba na majina ya mitaa kwa ajili ya anwani za makazi na postikodi. Nyumba yangu ina namba, ina mtaa, ina tarakimu tano za postikodi, na nimezikariri. Ila mimi sipo pale. Mwenye nyumba yupo barabarani na barua inafika kwenye namba.

Nianze na barua basi maana hizo ndo zimewahi kuniumiza kuliko vifurushi. Wote tunajua kwetu barua haiji mlangoni, inaenda kwenye S.L.P., na wengi wetu hatuna sanduku la kwetu, tunaandika la shule, la kanisa, la msikiti, la kazini. Mi niliandika la kampuni niliyokuwa naendeshea wakati ule. Niliomba kiwanja sehemu fulani, nikajaza fomu zote nikaweka S.L.P. ile. Barua ikaja, inanitaka nilipie ndani ya siku 30. Mi niko Kolwezi. Mtu aliyeenda kuchukua barua posta akaiweka kwenye droo na nyingine zote, kwamba dereva akirudi ataulizia, na mi nikirudi sikuulizia maana sikujua kama kuna barua. Nimekuja kuiona mwezi wa nne tangu iandikwe. Kiwanja kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine, nikaanza upya mwanzo kabisa, na cha pili nilichopata kiko mbali mara mbili na bei imepanda. Mke wangu hakunilaumu lakini niliona jinsi alivyoishika ile barua, akaisoma mara mbili akaikunja akairudisha kwenye bahasha.

Tangu siku ile situmii sanduku la mtu ambaye hana sababu ya kunipigia simu. Hilo ndo kipimo changu. Barua za serikali na za benki zinaenda kwenye sanduku analotumia mke wangu kazini kwake, yeye anafungua hapohapo anapiga picha ananitumia WhatsApp, nasoma nikipata mtandao, kama kuna tarehe ya mwisho anaiandika kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi kabla ya kupiga picha ili nisiikose. Nimejisajili pia ile Posta Kiganjani ambapo namba yako ya simu ndo inakuwa kama sanduku. Ni jambo zuri kwa mtu wa barabarani, nawashauri, kwa sharti moja, hiyo namba iwe ni laini ambayo huizimi. Sisi tuna laini tatu, ya nyumbani, ya Zambia na ya Kongo, na ukivuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, ile ya nyumbani mara nyingi inatolewa inawekwa kwenye kava la simu. Meseji inakusubiri huko wiki tatu. Kwahiyo mi nimenunua kiswaswadu kingine kwa ajili ya laini ya nyumbani tu, kinakaa juu ya dashibodi muda wote, nikirudi tu upande wetu kinaanza kulia.

Sasa vifurushi. Vifurushi posta yetu ni basi. Nadhani hakuna mtu Tanzania asiyewahi kutuma au kupokea kitu kwa basi, unaenda stendi, Magufuli pale Mbezi Luis au kwenye ofisi zao za Shekilango, unalipa elfu tano, elfu kumi kutegemea na ukubwa, unapewa risiti, kesho yake mtu wako anapokea Mbeya. Na tangu 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku ndo imekuwa rahisi zaidi, kitu kinaondoka Dar jioni, asubuhi watu wa Iringa washakipokea.

Shida ni kwamba ule utaratibu umetengenezwa kwa mtu aliyetulia. Mtumaji anauliza uko wapi, unamjibu, anatuma pale. Kwa mtu anayetembea hiyo ni kumkimbiza, na basi na lori havikimbii sawa. Ngoja niwape mfano ulionifungua macho. Ilikuwa 2018, napandisha, niko Mikumi, mke wangu ananipigia dawa zangu za presha amezipata anazituma leo, nikapiga hesabu kesho mchana nitakuwa Mafinga, nikamwambia tuma Mafinga. Gari ina tani 30, mlima Kitonga unapanda kwa gia ya chini kabisa tena ukiwa umebahatika kutokuta gari imekatika katikati ya kona. Siku hiyo ilikatika. Tumekaa pale kuanzia saa nne asubuhi mpaka usiku. Kifurushi kikafika Mafinga, hakuna mtu, yule wa kaunta ananipigia simu na Kitonga pale kwenye kona mtandao unakuja na kuondoka, akakaa nacho siku moja, afu akafanya alichoona ni sahihi, akakirudisha Dar na basi linaloshuka. Nimekuja kupatikana nipo juu Ilula napumzika, ananiambia kaka mzigo wako nimeurudisha, uko kwenye basi fulani, namba ya gari hii hapa. Dakika chache baadaye basi lenye namba hiyo hiyo likanipita linashuka. Nilisimama pembeni ya barabara na mikono juu. Halikusimama, na dereva hakuwa na sababu ya kusimama, hanijui.

Nikaenda Kongo na kurudi na vidonge nilivyokuwa nanunua popote ninapopata. Nikiwa Chingola kichwa kiliniuma siku mbili mpaka wenzangu wakanipeleka hospitali.

Kwenye ile safari ndo nilifikiria sana. Nikaona kosa ni hilo neno "uko wapi". Mtu wa barabarani anatakiwa aulizwe utapita wapi ambapo mzigo unaweza kukusubiri, hata wiki mbili, bila kurudishwa na bila kuharibika. Nikaanza kuipitia barabara kichwani kituo kimoja kimoja. Chalinze iko karibu mno na Dar, haina maana. Morogoro pale Msamvu pana watu wengi, kila mtu ana haraka. Mikumi joto. Ruaha Mbuyuni ni pazuri kununua vitunguu ila joto lake dawa inaungua. Mafinga nimeshaona. Tunduma ni mpakani, pana kila aina ya watu na kila aina ya mizigo, kitu kikikaa siku tatu wanaanza kujiuliza ni cha nani.

Makambako ina vitu vyote. Kwanza kuna mizani, kwahiyo nipende nisipende gari inasimama pale, kupanda na kushuka. Pili ni njia panda, barabara ya Njombe na Songea inachepuka pale, mabasi ya Mbeya, ya Tunduma, ya Songea yote yanapita, hukosi basi saa yoyote. Tatu kuna baridi. Watu wanalalamika baridi ya Makambako ila kwa dawa, kwa siagi, kwa chochote kisichotaka joto, pale ni kama friji. Na nne, ambayo ndo kubwa kuliko zote, pale kuna mama.

Huyu mama ana duka dogo, anauza chai, maandazi, vocha, sabuni, mafuta ya kula ya kupima. Mwaka 2019 nilipata pancha karibu na pale usiku, nikakaa dukani kwake nasubiri fundi, tukaongea mpaka usiku sana. Mwanae naye ni dereva, wa mabasi, kwahiyo anajua. Nikamuomba, mama, je mtu akinitumia kitu kwa basi ukanipokelea? Akanitazama, akauliza kitu gani. Nikamwambia dawa, nguo, karatasi. Akasema mwanangu nitakupokelea, ila nitafungua mbele ya konda nione, na nitaandika. Akatoa daftari la shule, lile la kava la bluu, akachora mistari kwa rula, tarehe, basi, namba ya gari, jina la konda, kitu, aliyechukua, sahihi. Daftari sasa hivi ni la tatu. Tuko madereva tisa tunaotumia duka lake.

Kuna mambo nimejifunza kwake ambayo kampuni kubwa za mizigo zingekuja kukaa pale siku moja zingejifunza. Mzigo ukifika anapiga picha anatuma, hata kama anajua niko Kongo sitaiona mpaka kesho. Dawa anaziweka kwenye ndoo yenye mfuniko sakafuni, mbali na jiko. Karatasi zinakaa kwenye boksi la bati juu ya kabati kwa sababu ya panya. Kila Jumapili anapitia daftari, kitu ambacho kimelala zaidi ya wiki mbili anampigia mwenyewe au mke wake kuuliza kama mtu ni mzima. Hiyo ya mwisho ndo inanigusa sana. Mwenzetu mmoja alipata ajali Serenje na mtu wa kwanza kuulizia, kabla hata ya ofisi, alikuwa ni huyu mama, kwa sababu sweta lake lilikuwa limelala siku 16.

Pesa hachukui. Tulijaribu kumlipa akakataa kabisa, akasema mkinilipa nitakuwa kaunta. Kwahiyo tunamletea vitenge kutoka Kongo, na tukiwa pale kila kitu tunanunua kwake hata kama mbele kidogo kuna bei nafuu. Nikishuka nafungua mlango wa gari ananisalimia kamwene, na kabla sijajibu vizuri ameshanipa kikombe cha chai na mfuko wangu.

Sasa ukinitumia, fanya hivi. Andika jina langu na namba zangu mbili kwa makapeni, juu na pembeni, upitishe soletepu ya uwazi juu ya maandishi maana mvua ya Makambako inafuta wino. Andika MAKAMBAKO MIZANI kwa herufi kubwa, si Makambako peke yake, la sivyo konda anashusha stendi. Andika na namba ya mama. Ukishalipa, piga picha risiti, piga picha namba ya basi, muombe konda namba yake, na uhakikishe ni konda anayeenda na gari sio yule wa ofisini. Nitumie mimi na umtumie mama. Konda usimpigie basi likikaribia Makambako, mpigie akiwa Iringa wanapokula, hapo ana nafasi ya kutafuta mzigo wako chini ya mizigo ya wengine, ukimpigia yuko Mafinga akili yake iko kwenye abiria wanaoshuka, anakwambia sawa sawa na anapitiliza. Nimeshawahi kufuata kifurushi Uyole kwa sababu hiyo, mara mbili.

Kuvusha mpaka ni habari nyingine na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Usinitumie kitu cha kuvuka Nakonde kwa basi, isipokuwa hakuna namna. Kuna mabasi ya Dar kwenda Lusaka, yanafanya kazi nzuri, tatizo sio basi. Tatizo ni kwamba pale mpakani mzigo wako hauna mwenyewe. Pampu ya maji ilinifia mbele ya Isoka, kwenye ile Great North Road, ofisi wakanunua nyingine Dar wakaiweka kwenye basi la Lusaka, ikafika mpakani forodha wakauliza risiti ya manunuzi iko wapi na mwenye nayo nani, konda hana risiti wala hajui, akaiacha pale. Walikuwa sahihi, spea bila karatasi wataijuaje? Nikapanda gari la mtu nikarudi Nakonde kuifuata. Sasa kuna kitu kinachosahaulika, saa. Zambia wako nyuma yetu saa moja. Aliyeko Tunduma akikwambia wanafunga saa kumi, uliza saa kumi ya wapi. Mi niliwahi, nikajiona nimewahi, kumbe saa niliyopewa ni ya upande wa kwetu, upande niliopo bado saa moja nzima, na ofisi niliyotakiwa kuingia iko ng'ambo imeshafungwa. Jumla nililala siku nne barabarani na gari limewekewa matawi ya miti nyuma na mbele, na tandiboi wangu analala chini ya tela kulinda mafuta.

Kwahiyo spea inayovuka iende na mtu, mwenzangu wa kampuni anayepanda, ikiwa na risiti yake, na anaitangaza. Na hapo niseme jambo lingine kwa vijana wanaoanza. Utaombwa sana kubeba. Barabara hii ilianza hivyo, wazee walioendesha kabla reli ya TAZARA haijaisha kujengwa mwaka 1975, wakati malori yanapeleka mafuta Zambia baada ya kule Rhodesia kujitangazia uhuru 1965 na njia ya kusini kuwa ya shida, wanasimulia kuwa dereva ndo alikuwa posta, anabeba barua za watu mfukoni, za mkononi, zisizo na stempu, anazigawa kuanzia Morogoro mpaka Ndola. Ni heshima kubwa ile na mi napenda kuiendeleza. Nabeba barua, nabeba dawa, nabeba viatu vya shule vya mtoto wa mtu. Ila kifurushi kilichofungwa ambacho sijaona ndani sibebi, hata angekuwa nani. Mwenzetu alibeba begi la mtu aliyemjua miaka, akakutwa nalo, akakaa ndani, gari likakaa kituoni, familia ikahangaika. Anayekasirika ukimwambia fungua nione, basi mwache akasirike.

Mei 2020 Zambia walipofunga mpaka wa Nakonde kwa ajili ya korona tulikaa foleni na hakuna anayejua itaisha lini. Nyumbani wakawa wanataka kutuma kila kitu, unga, sukari, barakoa, hela, na kila mtu anatuma kwa haraka yake kwa jina lake, mizigo ikarundikana stendi ya Tunduma hakuna anayejua kipi ni cha nani. Mi nilipiga simu Makambako. Mama akapokea vya madereva wote aliowajua, akavipanga kwenye viroba, kila kiroba jina, akavipandisha kwenye lori la kwetu lililokuwa linakuja, vikafika vyote, havikupungua hata kimoja. Ile siku nilikula ugali kwenye foleni nikiwa na amani.

Lubumbashi sipokei kitu kutoka nyumbani. Kule napokea tunachoachiana wenyewe. Kuna parking tunalala, mwenzako aliyetangulia anakuachia chaja au shuka au chumvi kwa mama anayepika pale, ukifika anakuita kwa Kiswahili chao, papa, mzigo yako iko hapa, na unajisikia upo nyumbani hata kama magari yanaendeshwa upande wa kulia.

Nimeongea sana kuhusu dawa na spea, lakini kitu ninachokisubiri kwa hamu zaidi Makambako ni bahasha.

Binti yangu yuko bweni Songea, kidato cha pili. Simu shuleni hairuhusiwi, na mi naunga mkono kabisa, waache wasome. Kwahiyo mwanangu ananiandikia barua. Barua kweli, ya kalamu, karatasi mbili tatu za kuchana kwenye kauntabuku, pembezoni kachora maua. Siku ya kutembelewa bibi yake anaenda anampa chakula na sabuni, anapewa barua yangu, kesho yake anaipeleka stendi Songea anaiweka kwenye basi, kilomita kama 300 hivi mpaka Makambako, na makonda wa njia ile sasa wanamjua bibi, hawamtozi chochote. Nami nikipanda au nikishuka naichukua, naisoma nikiwa nimepaki mizani, nikimaliza naisoma tena. Majibu nayaandika usiku, naacha kwa mama, yanarudi njia hiyohiyo. Tuna barua 14 tayari tangu aanze kidato cha kwanza. Kwenye simu tungekuwa tunaulizana umekula, unaumwa, vizuri, baadae. Kwenye karatasi ananieleza mambo ambayo hajawahi kunieleza nikiwa naye sebuleni, kwamba hesabu zinamtisha, kwamba rafiki yake kahama na analia usiku wenzake wakilala. Na mi namweleza ya kwangu, nilivyompa mtu lifti, nilivyoona mvua inakuja kwa mbali juu ya miti ya Mpika.

Barua ya mwisho aliniuliza shaba ikoje kabla haijawa waya. Nimemchorea. Nimemwambia ni sahani bapa, pana kama meza, rangi yake ni kama udongo mwekundu ukiwa umelowa, zinapangwa moja juu ya nyingine na kufungwa kwa mikanda ya chuma, na kwenye jua la asubuhi zinang'aa mpaka unafumba jicho. Nimeandika kurasa mbili, nimeziweka katikati ya kitabu cha gari zisikunjike.

Leo tarehe 14. Siku ya kutembelea ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, na bibi yake anataka iwe mkononi mwake angalau siku mbili kabla. Nikifika Nakonde keshokutwa na mpaka ukawa mwepesi, tarehe 19 niko kwa mama, basi la Songea la asubuhi inaingia. Mpaka ukikaza haifiki, na mtoto atakaa mwezi mwingine anajiuliza. Wenzangu ndo hao nawaona wanaingia, taa zao ziko getini, acha nikawashe gari.